Tujue Sheria: Kuteleza Si Kuanguka

Mwezi huu tunajibu swali ambalo watu wengi huuliza wakitoka mahakamani. Swali lenyewe ni hili: "Mahakama imekosea. Je, hukumu imekufa?"

Wengine hawaulizi. Wao wanasema kabisa, "Hukumu imekufa." Huuza mbuzi, huuza debe la mahindi, hupanda gari kutoka Mikumi kwenda Kilosa kukata rufaa. Wakifika huko wanashindwa. Hurudi nyumbani bila mbuzi na bila haki.

Jibu la swali letu ni hili. Si kila kosa la mahakama hufuta hukumu. Kosa linalofuta hukumu ni lile lililomnyima mtu haki yake. Wazee walisema, kuteleza si kuanguka. Hata mahakama huteleza. Mahakama ya juu huuliza kwanza: je, mtu aliumia?

MFANO WA MIZANI

Ndugu msomaji, tuseme wewe ni mkulima wa ufuta. Umepeleka ufuta wako kwenye ghala la chama cha ushirika. Karani amepima. Ni kilo 80. Ameandika kilo 80 kwenye kitabu. Lakini jina lako ni Athumani, naye ameandika Asumani. Namba yako ya uanachama ni sahihi. Umelipwa fedha za kilo 80.

Je, karani amekosea? Ndiyo, amekosea. Je, umepoteza kitu? Hapana. Kosa hilo hurekebishwa kwa kalamu. Hakuna haja ya kupima ufuta wote upya.

Siku nyingine unapeleka ufuta tena. Jina limeandikwa vizuri sana. Lakini mshale wa mizani haukuanzia kwenye sifuri. Mzigo wa kilo 80 umeonyesha kilo 74. Kilo 6 zimepotea. Kitabu kinapendeza, lakini wewe umeumia. Hapo lazima kupima upya.

Kesi nayo ni hivyo hivyo. Kuna makosa ya kalamu, na kuna makosa ya mizani.

SHERIA INASEMA NINI?

Jambo hili halikubuniwa na mahakimu. Limeandikwa katika sheria za nchi yetu.

Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984 inahusu rufaa za kesi zilizoanza Mahakama ya Mwanzo. Inasema kwamba uamuzi usibadilishwe kwa sababu tu kuna kosa au upungufu katika mashtaka, katika hati ya kuitwa mahakamani, au katika mwendo wa kesi. Utabadilishwa kama kosa hilo kweli limesababisha haki isitendeke.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inasema vivyo hivyo kwa kesi za jinai za mahakama za juu zaidi. Kifungu chake kilijulikana kwa miaka mingi kama kifungu cha 388. Sheria ya mahakama za migogoro ya ardhi ya mwaka 2002 nayo ina kifungu cha namna hiyo. Jirani zetu wa Kenya pia wanacho katika sheria yao ya jinai.

Katiba yetu imeongeza nguvu. Ibara ya 107A, iliyoingizwa mwaka 2000, inazitaka mahakama zitende haki bila kufungwa mno na masharti ya kiufundi yanayoweza kuizuia haki. Mwaka 2018 Bunge lilibadilisha sheria nyingine ili mahakama zitazame kiini cha haki, ziamue kesi kwa wakati na kwa gharama ndogo.

MKULIMA NA BAISKELI

Sasa tuchukue mfano wa kesi. Mfano huu tumeutunga ili tujifunze. Hausemi mtu yeyote wala mahakama yoyote.

Mkulima mmoja wa kijiji cha karibu na Mikumi alishtakiwa katika Mahakama ya Mwanzo. Walisema ameiba baiskeli siku ya gulio. Yeye alisema, "Baiskeli hii niliinunua kwa fundi." Mahakama ilimtia hatiani. Aliamriwa kulipa faini, na baiskeli akapewa mlalamikaji.

Mkulima huyu alikuwa amejifunza kusoma ukubwani. Aliomba nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi. Alikaa chini ya mwembe na mpwa wake, akasoma polepole, mstari kwa mstari.

Majirani walikuja kumshauri. Mmoja alilitazama jina lake na kucheka. "Jina lako limeandikwa vibaya! Umeshinda tayari. Hukumu hii imekufa."

Mpwa wake akasema, "Mjomba, tusome mpaka mwisho."

Walisoma mpaka mwisho. Waliona makosa matatu.

La kwanza, jina lake lilikosewa herufi moja.

La pili, tarehe ya gulio. Ukurasa mmoja ulisema tarehe 12, ukurasa mwingine ukasema tarehe 13. Lakini mashahidi wote walizungumza juu ya gulio lile lile. Hata mkulima mwenyewe alikubali kwamba siku hiyo alikuwa gulioni na baiskeli hiyo.

La tatu lilikuwa katika ukurasa wa mwisho wa ushahidi. Mkulima aliiambia mahakama kwamba shahidi wake, yule fundi baiskeli, yuko nje anasubiri. Hakuitwa. Hakuna sababu iliyoandikwa. Utetezi ulifungwa na hukumu ikasomwa.

Ndugu msomaji, simama hapa kidogo. Kabla ya kuendelea, jiulize: katika makosa haya matatu, lipi ni la kalamu na lipi ni la mizani?

Jina si kitu. Aliyeshtakiwa ndiye huyo huyo aliyesimama mahakamani akajitetea. Tarehe nayo, katika kesi hii, si kitu. Kila mtu alijua siku inayozungumzwa. Lakini shahidi aliyekataliwa ni jambo kubwa. Fundi huyo ndiye aliyeweza kusema, "Ndiyo, nilimuuzia mimi." Pengine mahakama ingemwamini, pengine isingemwamini. Lakini haikumsikia. Mtu hawezi kupimwa kwa mizani iliyobeba upande mmoja tu. Katiba yetu, ibara ya 13, inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu.

Kwa hiyo mkulima anayekata rufaa kwa sababu ya jina atapoteza nauli yake. Anayekata rufaa kwa sababu ya shahidi wake ana jambo la kusema.

KOSA LILE LILE LAWEZA KUWA DOGO AU KUBWA

Hapa pana jambo la kuangalia sana. Usiweke makosa katika mafungu mawili na kusema, "Tarehe ni kosa dogo siku zote." Sivyo.

Tuseme mkulima mwingine ameshtakiwa kwamba aliiba tarehe 12. Yeye anasema, "Tarehe 12 sikuwepo hapa. Nilikuwa Kilosa mjini, nililala kwa dada yangu." Analeta dada yake na shemeji yake kushuhudia. Kisha mahakama inasema wizi ulitokea tarehe 13, inamtia hatiani. Mtu huyu hakuambiwa ajitetee juu ya tarehe 13. Mashahidi wake wote walikuwa wa tarehe 12. Kwake yeye, tarimu hiyo moja imekata kamba yote ya utetezi.

Kosa ni lile lile la tarehe. Kwa mtu wa kwanza halikudhuru. Kwa wa pili limedhuru. Ndiyo maana swali la kuuliza si "Kosa ni la aina gani?" Swali ni "Kosa hili lilinizuia kufanya nini?"

MAHAKAMA YA RUFANI IMEAMUA NINI?

Tutazame kesi za kweli.

Mwaka 2018, Mahakama ya Rufani iliamua huko Mwanza rufaa ya madai namba 55 ya mwaka 2017. Ulikuwa ugomvi wa ardhi ulioanzia Baraza la Kata. Wakati huo Baraza la Kata lilikuwa na mamlaka ya kuamua. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, kazi yake katika ugomvi wa ardhi ni kupatanisha. Katika kesi ile, mwenyekiti wa Baraza hakuwepo, na kumbukumbu hazikuonyesha ni mjumbe gani alikalia kiti chake. Aliyeshindwa alitaka uamuzi ufutwe. Majaji, wakiongozwa na Jaji Mkuu wa wakati huo, Profesa Ibrahim Juma, walikataa. Walisema mabaraza ya kata yaliwekwa ili wananchi wapate haki kwa njia nyepesi. Haifai kuyabebesha mzigo wa ufundi wa kisheria. Upungufu ule haukuizuia haki.

Mwaka 2019 mahakama hiyo iliamua rufaa ya jinai namba 52 ya mwaka 2017, iliyotoka Mtwara. Hati ya mashtaka ilikuwa na kosa la kutaja vifungu vya sheria visivyo sahihi. Lakini maelezo ya kosa yalikuwa wazi. Mshtakiwa alijua anashtakiwa kwa jambo gani, na alijitetea juu ya jambo hilo. Mahakama ilisema kosa la vifungu linaponyeka.

Sasa utazame upande wa pili. Mwaka 1973, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza hatua za kufuatwa mtu anapokiri kosa. Mashtaka yasomwe na kuelezwa kwa lugha anayoielewa. Maneno yake yaandikwe. Kisha mambo yenyewe yaliyotokea yaelezwe, naye aulizwe kama anayakubali. Mahakama zetu zinaufuata uamuzi huo hadi leo. Mtu asiyeelewa lugha, akasema "ndiyo" kwa hofu tu, hajakiri. Hilo si kosa la kalamu.

Kuna pia mahakama kuamua jambo lisilo katika mamlaka yake. Hilo nalo haliponyeki. Ni sawa na jirani kugawa shamba lisilo lake. Hata akigawa vizuri, mgawo si halali.

Na kuna makosa yanayokaa katikati. Mfano ni hati iliyopokewa kuwa ushahidi bila kusomwa mbele ya mshtakiwa. Mahakama ya Rufani imesema mara nyingi kwamba hati hiyo iondolewe. Halafu majaji hutazama ushahidi uliobaki. Kama unatosha, hukumu inasimama. Kama hautoshi, hukumu inaanguka. Ni kama kung'oa nguzo moja iliyoliwa na mchwa, kisha kutazama kama nyumba inasimama kwa nguzo zilizobaki.

KWA NINI SHERIA IKO HIVI?

Wengine watasema, "Sheria hii inawalinda mahakimu wazembe." Tufikiri pamoja.

Katika ile kesi ya baiskeli kuna watu wawili. Yuko mshtakiwa, na yuko aliyeibiwa. Kama kila herufi iliyokosewa ingefuta hukumu, mwizi wa kweli angeachiwa kwa sababu ya kalamu ya karani. Aliyeibiwa angelia mara mbili. Mashahidi wangeacha palizi na kurudi mahakamani upya, safari baada ya safari. Wengine wangekuwa wamehama, wengine wamekufa.

Lakini sheria hii si blanketi la kufunikia uzembe. Mwezi Desemba 2018, katika shauri lililosikilizwa Arusha, Mahakama ya Rufani ilionya juu ya jambo hilo. Ilisema msingi wa kutazama kiini cha haki usitumiwe kwa upofu kuzivunja kanuni za lazima zinazogusa mzizi wa kesi. Nasi wananchi tuna haki ya kudai mizani sahihi.

KOSA LIKIKUBALIWA, NINI HUFUATA?

Usidhani kwamba ukishinda rufaa lazima utaachiwa au utapewa shamba siku hiyo hiyo. Mahakama ya juu ina njia kadhaa. Yaweza kufuta hukumu. Yaweza kuibadilisha. Yaweza kuagiza ushahidi uliokosekana uchukuliwe. Yaweza kuagiza kesi isikilizwe upya tangu mwanzo.

Kusikiliza upya nako kuna mpaka. Tangu mwaka 1966 mahakama za Afrika Mashariki zinafuata kanuni moja. Kesi ya jinai isirudishwe ili tu upande wa mashtaka upate nafasi ya kuziba matundu ya ushahidi wake.

UFANYE NINI?

Kwanza, sema mapema. Ukiona jambo haliendi sawa mahakamani, simama kwa heshima useme, "Mheshimiwa, naomba shahidi wangu asikilizwe." Omba maneno yako yaandikwe. Mahakama ya juu hutazama kama ungeweza kulalamika mapema ukanyamaza.

Pili, hesabu siku. Rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya ni ndani ya siku 30. Kesi iliyoanza Mahakama ya Mwanzo, ikitoka Wilaya kwenda Mahakama Kuu, ni siku 30 tena. Kwa watu wa Mikumi na Kilosa, Mahakama ya Wilaya iko Kilosa, na Mahakama Kuu ina masjala mjini Morogoro. Kesi za jinai zilizoanzia Mahakama ya Wilaya na mashauri ya ardhi zina hesabu nyingine ya siku. Muulize karani wa mahakama siku ile ile ya hukumu. Kuchelewa si kosa la kalamu. Ukichelewa, lazima kwanza uombe kuongezewa muda na utoe sababu ya kutosha.

Tatu, omba nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi, uzisome. Mahakama ya Mwanzo huendesha kesi kwa Kiswahili. Tangu mwaka 2021 sheria imefanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zote, isipokuwa pale haki inapotaka Kiingereza kitumike. Kwa hiyo kisomo chako kina kazi hapa.

Nne, andika sababu zako kwa ukamilifu. Usiandike, "Mahakama ilikosea." Andika kosa, kisha andika limekudhuru namna gani. Kwa mfano: "Shahidi wangu fundi baiskeli alikuwa nje. Niliomba aitwe. Hakuitwa. Yeye ndiye aliyeniuzia baiskeli. Kwa hiyo utetezi wangu haukusikilizwa." Sentensi hizo tano zina nguvu kuliko kurasa kumi za kulalamikia herufi.

Tano, tafuta msaada mahali panapofaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria. Waulize maofisa wa kata au wa maendeleo ya jamii mahali walipo. Aliye gerezani huitoa rufaa yake kupitia kwa mkuu wa gereza. Usimpe fedha mtu wa kijiweni anayesema, "Mimi nitaiua hukumu hii."

Ndugu msomaji, tukirudi kwa mkulima wetu chini ya mwembe, siku ya 9 imefika tangu hukumu. Bado ana siku 21. Majirani wamekwenda zao. Mpwa wake ameshika kalamu na anauliza, "Mjomba, tuanze na jina?"

"Hapana," anajibu. "Jina langu wananijua. Andika habari za fundi."

MANENO YA KUJIFUNZA

Rufaa: kuomba mahakama ya juu itazame tena uamuzi wa mahakama ya chini.
Mwenendo wa kesi: maandishi ya yote yaliyosemwa na kufanywa mahakamani.
Hati ya mashtaka: karatasi inayoeleza kosa ambalo mtu anashtakiwa.
Masjala: ofisi ya mahakama inayopokea na kutunza majalada ya kesi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Katika kesi ya baiskeli, kwa nini kosa la jina halikumdhuru mkulima?
2. Kosa la tarehe laweza kumdhuru mtu wakati gani?
3. Mtu aliyehukumiwa katika Mahakama ya Mwanzo ana siku ngapi za kukata rufaa?
4. Kila mmoja aandike sentensi tatu za sababu ya rufaa. Ataje kosa, na aeleze lilimdhuru namna gani.